Anayetoka Mwisho

Ujumbe wa dalali waliyemwita Asilimia uliingia Fundi akiwa na pini mdomoni, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya asitukane. Alimsukumia mumewe simu kwa kiwiko. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mikasi kwa kuwa ndiye aliyekata kila kitambaa alichoshona mkewe, aliusoma kwa sauti, polepole, kama mshtakiwa anayesomeshwa hukumu yake mwenyewe.

"'Kazi ya sare za shule imekuja tena. Malipo kwa shati yamepungua kidogo. Mkiona hayawafai semeni mapema, foleni ni ndefu.'"

Fundi alitema pini kiganjani. "Kidogo? Hicho kipimo chake cha kidogo anakinunua duka gani?"

"Tulia, mke wangu."

"Nimetulia. Hii ndiyo sura yangu ya kutulia."

Asilimia hakuwa na cherehani. Hakujua vifungo vya blauzi ya msichana vinakaa upande gani. Alichokuwa nacho ni ukurasa kwenye mtandao: shule ziliagizia humo, wazazi wakalipia humo, naye akamega fungu lake kabla kazi haijawafikia wenye sindano. Watu wa namna hii ni wa tangu na tangu. Zamani walisimama mlangoni mwa ghala na mizani iliyochezewa. Leo wamekaa mlangoni mwa mtandao. Mlango ndio uliobadilika. Aliyeziba njia ni yule yule, na bado anataka umshukuru kwa kukupisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nyumba hii nguo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Pembeni, kando ya meza ya kupigia pasi, dada yake Mikasi alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyotupwa na ofisi moja wakati wa kubadilisha samani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Walimwita Swichi. Ujanani alikaa kwenye mtambo wa kuunganishia simu: taa ikiwaka anachomeka waya kwenye tundu, anasema, "Nakuunganisha, tafadhali usikate." Mpaka siku ilipoletwa mashine ya kuunganisha simu peke yake. Meneja aliwakusanya wasichana wote wa mtambo, akawapa soda na hotuba. Soda ilikuwa ya moto. Miaka imekwenda, mvi zimeingia, na Swichi hajaisahau hotuba wala soda.

"Mwambieni hatuitaki," alisema bila kugeuka.

"Dada, tutakula nini?"

"Tutakula kile anachokula yeye. Na sisi tutafungua ukurasa wetu."

Mikasi alimtazama mkewe. Fundi alizitazama pini kiganjani, kisha akazirudisha mdomoni moja moja. Katika nyumba ile, hiyo ilikuwa ndiyo kura ya ndiyo.

 

Kwa mwalimu mkuu alikwenda Fundi mwenyewe, na shati la mfano limekunjwa ndani ya mfuko. Karani alimwambia akae kwenye benchi la nje. Akakaa. Jua likamfuata pale alipo, yeye akasogea. Likamfuata tena, akasogea tena, mpaka benchi likaisha. Ndipo Asilimia alipopita, viatu vinang'aa, akaingia ofisini bila hodi, na alipokuwa akitoka akamtupia neno: "Ah, mama wa nguo! Umeleta za kufuliwa?"

Karani akacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu mwenye shida hulazimishwa kuchekea hata kofi lake. Lakini cheko lile alilikunja akaliweka.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Alilivuta shati kwenye mshono, akalivuta tena kwa nguvu, halikuachia.

"Ushonaji wako naujua. Tatizo langu ni maagizo. Sitaki wazazi mia wanipangie foleni hapa wakinitajia viuno vya watoto wao. Una ukurasa?"

"Unakuja, mwalimu."

"Jumamosi asubuhi kuna kikao cha wazazi. Watafungua simu zao mbele yangu na kuagiza. Ukurasa wenu ukikaa wazi mpaka kikao kiishe, sare za shule hii ni zenu, na shule itawalipa ninyi moja kwa moja. Ukizimika, narudi kwa huyu bwana. Sina muda wa kubembeleza mashine."

 

Programu haikuwa shida. Swichi alikuwa na rafiki wa mtandaoni katika ushirika wa maseremala wa mji mwingine, na maseremala wale walikuwa wametengeneza programu yao ya kupokea maagizo ya meza na vitanda. Waliitoa bure. "Kitu chetu ni chenu," waliandika. "Badilisheni tu maneno." Bado kuna watu wa hivyo duniani, hawatangazwi kwa sababu hawana wanachouza.

Kazi ilikuwa kuipa programu ile mahali pa kuishi. Kwanza Swichi aliifuta kompyuta nzima, akaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Bibi, mama yao Swichi na Mikasi, aliburuta kigoda akaja kutazama maandishi meupe yakipanda kwenye kioo cheusi.

"Hiyo imeharibika?"

"Hapana, mama. Inafanya kazi."

"Mbona haina picha?"

"Picha ni za wanunuzi. Hapa ni jikoni."

Kisha akaweka Java, na maana yake akawaeleza kwa lugha ya nyumba ile. "Programu ni kitambaa kilichokatwa tayari. Java ni mota ya cherehani: bila mota, kitambaa kitalala hapo mpaka kioze. Halafu kuna seva ya programu, Tomcat. Huyo ndiye fundi anayeshinda mezani akisubiri hodi. Mteja akibisha, anampokea, anapeleka kazi kwenye mota, anamrudishia jibu."

"Halafu yeye anachukua asilimia ngapi?" aliuliza Mikasi.

"Hachukui."

"Basi huyo si wa mji huu."

Java ya kwanza ikawa ya zamani kuliko programu ilivyotaka. Seva ikakataa kuanza, ikamwaga malalamiko ukurasa mzima. Swichi aliyasoma yote. Wengi hulitazama kosa kama wanavyolitazama dai la kodi, kwa kufumba macho, lakini yeye alikuwa amezoea kusikiliza watu wakigomba kwenye waya, na alijua kuwa anayegomba hutaja shida yake hatimaye. Akaing'oa ile, akaweka mpya. Seva ikaanza, ikafa: safari hii ilikataliwa kufungua folda yake yenyewe, kwa kuwa Swichi aliiweka akiwa na mamlaka ya mkuu wa mashine, yule mtumiaji anayeruhusiwa kila kitu.

"Si uiache iendeshwe na huyo mkuu?" alisema Mikasi. "Ana funguo zote."

"Ndiyo maana siiachi. Mdogo wangu, anayefungulia wageni geti hapewi ufunguo wa kabati la chumbani. Akirubuniwa huyo, nyumba imekwenda." Akamtengenezea seva mtumiaji wake, asiye na mamlaka popote isipokuwa kwenye folda ile, akamkabidhi folda. "Wakubwa wangepangiwa hivi, tungekuwa mbali."

Akaanzisha tena. Kisanduku cha intaneti akakielekeza kwamba mgeni yeyote anayebisha kwa jina lao apelekwe kwenye mashine hii, laini namba elfu nane na themanini. Kisha akafungua ukurasa kwa simu ya Fundi, na pale juu akatokea paka wa manjano, ile alama ya Tomcat, ametulia kama mwenye nyumba.

"Paka!" Bibi alipiga kofi. "Kumbe siku zote mnahangaika, mnatafuta paka!"

Tangu hapo hawakusema tena kwamba seva imewaka. Walisema paka ameamka.

 

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na sheria ilikuwa ya Bibi: anayetoka chumbani mwisho anazima ukutani. Si taa tu. Taa, pasi, feni, redio, kila kilichochomekwa. Zamani, Mikasi akiwa bado mtoto wa kubebwa, watu wa umeme walikuja kukata waya kwa deni la bili, mchana kweupe, majirani wote wako nje. Mmoja wao alimwambia Bibi akishuka ngazi, "Wewe lala mapema tu, giza halina bili." Watu wakacheka. Bibi alilipa lile deni, lakini kicheko hakilipiki. Tokea hapo mkono wake ulikuwa ukipita ukutani kabla ya miguu yake kupita mlangoni.

Basi Alhamisi mwalimu mkuu alipiga simu.

"Nimejaribu ukurasa wenu. Hakuna kitu. Nimejaribu tena, hakuna kitu. Hii ndiyo kazi yenyewe?"

Fundi aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, amesimama wima kana kwamba mwalimu anamwona. Kisha wote wakaingia chumba cha kazi. Kioo kilikuwa cheusi. Swichi ya ukutani ilikuwa imetazama juu, imezimwa.

"Mama," alisema Swichi.

"Hakukuwa na mtu chumbani," alisema Bibi. "Feni la hiyo mashine linavuma peke yake, linamvumia nani?"

Swichi aliwasha mashine, akaandika amri kwa mkono wake, paka akaamka. Mikasi alimsimamia begani.

"Dada, si ulisema ipo namna ya kuifanya iamke yenyewe kila umeme ukirudi?"

"Ipo."

"Basi ifanye."

"Sifanyi. Nitakuwepo mimi. Ikilala, nitaiamsha."

"Na ukienda chooni?"

"Nitaenda haraka."

"Dada, unafanya ubishi wa—"

"Mashine inayoamka yenyewe haina haja na mtu!" Sauti yake ilipanda mpaka Fundi akaacha kukanyaga cherehani. "Mimi nimeshaona inavyokuwa. Kwanza wanasema itakusaidia. Halafu wanakupa soda."

Hakuna aliyecheka. Fundi ndiye aliyesema, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Wifi, wale walioleta ile mashine hawakuwa sisi. Ile iliwekwa ili ufukuzwe. Hii umeiweka wewe. Nani atakufukuza humu? Mama?"

"Mimi simfukuzi," alisema Bibi. "Labda azidi kuniwashia feni."

Swichi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa chafu vile vile.

Ijumaa jioni mwalimu mkuu akatuma ujumbe mwingine: wazazi wana maswali, aje na yule anayeielewa hiyo mashine. Fundi alimwonyesha wifi yake simu, akaenda zake jikoni. Swichi alikaa mbele ya kioo cheusi. Aliandika faili fupi, mistari ya kuhesabika: seva hii ianze baada ya mtandao kuwa tayari, ianzishwe na mtumiaji yule asiye na mamlaka, ikianguka inyanyuliwe. Kisha akaandika amri ya kuiambia mashine iikumbuke kila inapowaka. Kioo kikajibu kwa mstari mmoja mkavu.

Sasa ilimpasa kuzima na kuwasha, aone kama kweli paka ataamka peke yake. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikarudi. Ikiamka, itakuwa imeweza bila yeye. Akafunika kibodi kwa kipande cha kitambaa na kwenda kula.

 

Jumamosi walikwenda wote watatu. Bibi alibaki, ameapishwa: asiguse ukutani, hata nyumba ikiota mbawa.

Ukumbi ulijaa. Asilimia alikuwa ameketi mbele, mguu juu ya mguu, kwa kuwa alijialika. Mwalimu mkuu aliandika anwani ya ukurasa ubaoni, na simu zikatoka mifukoni, mikobani na vifuani. Paka hakuwapo tena. Swichi alikuwa ameweka ukurasa wa sare mahali pake. Wazazi wakaanza kujaza: mabega, mikono, kiuno. Kwa muda kulikuwa na minong'ono tu ya watu wanaopima watoto wao kwa kumbukumbu.

Kisha fundi bomba mmoja, bonge la mtu, akanyoosha mkono. "Samahani. Hapa naulizwa kama mtoto apakwe vanishi."

Halafu mwanamke wa nyuma akasema, "Hata mimi! Vanishi ya kung'aa au ya kufifia?"

Mikasi alifunika uso. Swichi alikuwa amebadilisha maneno yote ya maseremala isipokuwa hilo.

"Wangu mpakeni ya kung'aa," alisema fundi bomba, "mikono miwili kabisa. Huyo mtoto anachakaa haraka."

Ukumbi ukapasuka. Hata mwalimu mkuu alijikuna pua ili kuficha mdomo. Na katikati ya kile kicheko, simu moja ikagoma. Ikafuata ya jirani yake. Kicheko kikaisha safu kwa safu.

"Mbona hakuna kitu?"

"Kwangu pia. Inazunguka tu."

Asilimia akasimama, akanyoosha koti. "Mheshimiwa mwalimu, mimi sikutaka kusema. Hawa ni watu wazuri sana kwa sindano. Lakini kila mtu na kazi yake, jamani. Ukurasa wangu uko wazi sasa hivi."

Mwalimu mkuu alimgeukia Fundi. Fundi aliona lile benchi la nje, jua na kila kitu. Swichi alikuwa tayari na simu sikioni.

"Mama. Ulitoka chumbani?"

"Nilitoka kidogo, kuanua nguo. Wingu lilitanda."

"Na ukutani?"

"Mwanangu," alisema Bibi, "mimi sikuzima. Mkono."

"Sawa, mama. Washa ukutani. Halafu bonyeza kile kitufe cha duara mbele ya mashine."

"Nimebonyeza. Linavuma. Sasa niandike yale ya kwako?"

Swichi alifumba macho. Alijua kila herufi ya amri ile. Angeweza kumsomea, moja moja, kama zamani alipokuwa akiwasomea watu namba kwenye waya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunja vidole kana kwamba umeshika waya wa kuchomeka.

"Usiandike kitu," alisema. "Kaa tu. Nakuunganisha, tafadhali usikate."

Kompyuta kongwe haikurupuki. Inajikuna kwanza, inahesabu viungo vyake, inautafuta mtandao. Ukumbini Asilimia alikuwa ameanza kutaja anwani ya ukurasa wake kwa sauti, na wazazi wawili watatu walikuwa wanaiandika. Fundi bomba akamkata.

"Bwana, wewe tunakujua. Muhula uliopita mashati yako yalitufikia watoto wamekwisha kurefuka. Tulikusubiri wiki kwa wiki. Hawa tunashindwa kuwasubiri muda wa kuvuta pumzi?"

"Halafu vanishi hukutuuliza!" alisema yule mwanamke wa nyuma.

Wakacheka tena, na kicheko ni ukuta mzuri. Nyuma yake mtu anaweza kusimama kwa muda. Swichi alisimama nyuma yake, simu sikioni, akisikiliza feni la nyumbani na pumzi za mama yake. Aliiwaza ile faili mstari kwa mstari. Nukta moja ikikosewa, paka hataamka, na hakuna mwingine wa kulaumiwa ila yeye na kile kidole kilichorudi nyuma.

"Imefunguka," alisema msichana mmoja aliyembeba mdogo wake.

"Kweli. Na mabega niliyojaza bado yapo!"

"Yangu pia yapo! Na vanishi ipo!"

Mwalimu mkuu alichukua simu ya karani, akajaribu mwenyewe, akashuka mpaka chini ya ukurasa na kupanda tena. Kisha akachukua kifutio, na ile anwani nyingine ambayo Asilimia alikuwa amekwisha kuiandika kwenye kona ya ubao kwa herufi kubwa, akaifuta bila haraka.

Fundi alisikia simu ikinong'ona mkononi mwa wifi yake. "Vipi huko?" aliuliza Bibi. "Paka ameamka?"

"Ameamka, mama," alisema Swichi. "Ameamka mwenyewe."

Kazi ya kujibu maswali ilimchukua muda wote uliobaki. Mmoja hakujua kupima kiuno, mwingine alikuwa na mapacha wasiolingana, mzee mmoja hakuwa na simu kabisa na alitaka kusema tu, apokewe kwa mdomo. Swichi alimketisha, akamjazia. Walimzunguka mpaka akakosa pa kugeukia. Mashine nyumbani ilikuwa inapokea hodi, na hakuna hata swali moja kati ya haya ambalo ingeliweza.

Getini Asilimia alimfikia Fundi, sauti imeshuka bei. "Dada yangu, hiyo mashine yenu... hamuwezi kunipa na mimi nafasi humo? Tungezungumza vizuri."

Fundi alimtazama viatu, akapandisha macho mpaka usoni. Lile cheko la siku ya benchi alilikunjua sasa, likiwa safi, limepigwa pasi.

"Sema mapema," alisema. "Foleni ni ndefu."

 

Walimkuta Bibi kwenye kigoda chini ya swichi ya ukutani, mgongo ameuegemeza pale pale, kama mlinzi wa benki. Nguo alizoanua zilikuwa mapajani. Hakuwa ameondoka hata kunywa maji.

"Sikumwamini mkono," alisema. "Nimeukalia."

Mikasi alicheka mpaka akashika meza ya kukatia. Fundi akamwinua mkwewe, akamfuta vumbi la ukuta mgongoni, na Bibi, akiwa amesimama katikati ya chumba, alibadilisha sheria yake kwa mara ya kwanza. "Anayetoka mwisho anazima kila kitu," alisema. "Isipokuwa paka. Bili yake nitailipa mimi, na atakayecheka aje anichekee usoni."

Wakaingia ndani kula. Swichi alibaki nyuma kidogo. Kwenye kioo cheusi mistari ilikuwa ikipanda, kila mstari mzazi mmoja, mahali fulani mjini, anabisha hodi na kupokewa. Alizima taa. Akazima pasi, akazima redio. Mkono ukafika kwenye swichi ya mwisho, ukakaa juu yake, ukashuka bila kuibonyeza.

Aliwahi kutoka kwenye chumba chenye mashine inayofanya kazi, mkononi ameshika soda ya moto. Safari hii alitoka mwenyewe, na alikuwa akiitwa mezani.